Mjomba Anasema 1550 au Niache: Nilenge Alama Gani Kwenye SAT?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 18, mkazi wa Kilifi. Nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka uliopita na matokeo yalipotoka Januari nikawa na A-. Hisabati na Fizikia nina A, Kemia A-, Kiswahili A, Kiingereza B+. Nataka kusoma uhandisi wa maji. Kijijini kwetu visima ni vya maji ya chumvi, na tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikiuliza kwa nini hakuna anayeweza kuyatengeneza.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, baba ni mvuvi, na mimi ndiye mkubwa kati ya watoto watano. Mwalimu wangu wa Fizikia aliniambia kwamba kuna vyuo Marekani vinavyolipia kila kitu kwa mwanafunzi anayefaa. Tangu siku hiyo sina usingizi. Nilichapisha karatasi za mazoezi ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani wenye jumla ya alama 1600, kwenye saiba, nikazifanya nyumbani kwa saa ya simu. Stima ilipotea mara mbili, nikaendelea ilipowaka. Nilipata Hisabati 710, na Kusoma na Kuandika 540. Jumla 1250.

Mjomba wangu anaishi Dallas. Mwanawe alipata 1530 na sasa yuko Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Nilipomtumia namba zangu aliniambia waziwazi: kwa mtu anayetoka Afrika, chini ya 1550 usipoteze pesa za mama yako. Rafiki yangu naye ananiambia siku hizi vyuo vya Marekani havihitaji tena SAT, najichosha bure. Nimeandika 1550 kwa kalamu nyekundu nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Kila nikifanya zoezi nikakosa, naitazama na moyo unanivunjika.

Ada ya mtihani kwa sisi tulio nje ya Marekani inazidi dola 100, yaani zaidi ya shilingi 13,000, kabla ya nauli ya kwenda kwenye kituo. Mama amesema atalipa mara moja, na mara ya pili ikibidi sana. Pia nitatakiwa kuchagua kozi kwenye KUCCPS, wanaotugawia nafasi za vyuo hapa Kenya, na mjomba anasema nisijaze, nijitolee mzima kwa SAT.

Naomba uniambie ukweli. Nilenge alama gani? Na kama siwezi kuifikia, niache sasa kabla sijamtia mama hasara?

Mwenye A- wa Kilifi

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa A-, na umefanya vyema kuniandikia namba zako mbili badala ya jumla peke yake. Jibu langu karibu lote linakaa kwenye huo mgawanyo wa 710 na 540.

Kwanza ibandue ile karatasi. Sisemi 1550 haifikiki, nasema haikutoka kwako. Alama ya kulenga hupatikana mwishoni, ukishajua unaomba vyuo gani, na vyuo vyenyewe huvijui mpaka ujue nani atalipa. Baba yako hachagui matundu ya wavu kabla ya kujua anamfuata samaki gani. Mjomba amekupa wavu aliotumia mwanawe.

Mtazame huyo binamu. Yeye ameomba akiwa mkazi wa Texas. Chini ya sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1997, wanafunzi wanaoongoza madarasa ya sekondari ndani ya Texas huhakikishiwa nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Karo yake ni ya mkazi, ambayo ni ndogo mno kuliko ya mgeni. Na kama ni raia au ana kibali cha ukaazi wa kudumu, anajaza fomu ya FAFSA na kuomba misaada ya serikali kuu. Wewe huna hata kimoja katika hivyo. Kwako, 1550 ingeweza kukuletea barua nzuri ya udahili kutoka chuo kikubwa cha umma pamoja na ankara ya makumi ya maelfu ya dola kila mwaka. Barua za namna hiyo nimezisoma mikononi mwa vijana wetu, na zinanikera: mtoto amefaulu kila kitu na haendi popote.

Rafiki yako naye ana nusu ya habari. Ni kweli kwamba vyuo vingi viliifanya SAT kuwa hiari wakati wa korona, mwaka 2020, na vingi bado viko hivyo. Lakini MIT iliirudisha kuwa lazima mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kurudisha sharti la mitihani, kila kimoja kwa kanuni zake. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California umekwenda upande wa pili kabisa: hauangalii SAT hata ukiituma. Unaweza kudhani hapo ndipo pako, kumbe mfumo huohuo hautoi msaada wa kifedha wa uhitaji kwa wanafunzi wa kimataifa. Unaona sasa kwa nini nakwambia tuanze na pesa?

Basi anza hivi. Andika kwenye daftari vyuo ambavyo vinaweza kulipia gharama zako zote au karibu zote, na usiandike kingine. Kuna vichache ambavyo havitazami uwezo wa familia vinapoamua nani aingie, hata kwa mgeni, kisha humpa aliyeingia msaada wa kutosha mahitaji yake. Miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Ni vigumu kuviingia kupita kiasi. MIT hupokea chini ya waombaji watatu katika kila mia wanaotoka nje ya Marekani. Kundi la pili, ambalo ndilo nataka ulichimbe zaidi, ni vyuo vidogo vya sanaa na sayansi vinavyokidhi mahitaji yote ya mgeni aliyekubaliwa, ila huangalia ni wageni wangapi vinaweza kuwalipia mwaka huo. Kisha kuna Berea, katika jimbo la Kentucky, ambacho hakitozi karo kabisa na wanafunzi wake wote hufanya kazi chuoni. Hicho ni chuo cha namna yake. Soma habari zake kwa utulivu, pamoja na kozi zilizopo, maana si kila chuo katika orodha hii kina uhandisi. Na ukiona chuo kinakupa ufadhili wa nusu karo, usishangilie. Nusu inayobaki inaweza kuzidi mshahara wa mama wa miaka kadhaa.

Ukifika vyuo saba au vinane, kwa kila kimoja tafuta kwenye intaneti jina lake pamoja na maneno Common Data Set. Hiyo ni ripoti ambayo vyuo vingi hujaza kila mwaka kwa muundo uleule, na haina matangazo ya biashara. Nenda sehemu ya C9. Utakuta namba za SAT za wanafunzi wapya, kila sehemu peke yake, kwenye asilimia 25 na asilimia 75. Maana yake robo ya waliotuma alama walipata namba ya chini au pungufu yake, robo nyingine walifika namba ya juu au kuipita, na nusu nzima wako katikati. Hapohapo kuna asilimia ya wanafunzi waliotuma SAT. Nukuu zote. Kurasa chache juu yake, C7, chuo chenyewe kinasema kinaupa mtihani uzito gani ukilinganisha na matokeo ya shule, insha na barua za walimu.

Sasa namna ya kuzisoma, kwa sababu hapa wengi hupotea. Chuo ambacho SAT ni hiari huwa na namba zilizopanda, kwa kuwa wenye alama ndogo hawakuzituma. Ukiona robo ya chini ni 1450 na waliotuma ni theluthi moja tu, hiyo haisemi kwamba darasa zima lina 1450. Inasema theluthi iliyojiamini ina 1450. Kwa upande mwingine, mgeni anayeomba kulipiwa kila kitu hashindani na darasa zima. Anashindana na wageni wenzake juu ya fungu dogo la pesa, na huko ushindani ni mkali zaidi. Kwa hiyo kwa mtu wa hali yako mimi hushauri hivi: katikati ya namba hizo mbili pawe sakafu, na namba ya juu, ile ya asilimia 75, iwe lengo. Kwa mwombaji anayejilipia ningesema vingine.

Na uchukue kila sehemu kivyake. Chukua MIT, ambayo najua itakuwa inakuvuta. Ukurasa wake wa udahili huonyesha Hisabati ya waliokubaliwa kati ya 780 na 800. Yaani kwa mtu wa uhandisi, makosa mawili matatu tu yanakushusha chini ya kiwango chao, na 710 yako, ambayo ni alama ya kuheshimika, bado iko mbali. Jumla peke yake isingekuonyesha hilo. Lakini orodha yako ikiwa na vyuo vidogo ambavyo Hisabati inaanzia, tuseme, 690, picha inabadilika kabisa.

Nikiziangalia namba zako na muda ulionao, lengo la kufanyia kazi ningeliweka 1420 kwa mtihani wa Agosti: Hisabati 770, Kusoma na Kuandika 650. Utalirekebisha ukishamaliza daftari. Nimelichagua kwa sababu mbili. Hisabati yako ina nafasi ya kupanda haraka. Kwenye Kiingereza kupanda alama 110 ni kazi nzito ya miezi mitano, lakini ni kazi, si miujiza. Kutoka 540 hadi 770, ambayo ndiyo 1550 ya mjomba ingekudai hata ukipata Hisabati 780, sidhani kwamba muda huu unatosha, na sitaki ulale chini ya namba inayokutukana kila usiku. Ujue pia kwamba wastani wa SAT kwa waliomaliza sekondari Marekani mwaka 2024 ulikuwa 1024. Wewe, kwa karatasi za saiba na stima iliyopotea, uko juu yao kwa zaidi ya alama 200.

Hata hiyo 1250 bado si alama yako halisi. SAT haifanywi tena kwenye karatasi; nje ya Marekani ilihamia kwenye kompyuta Machi 2023. Inachukua saa 2 na dakika 14 na ina maswali 98. Kila sehemu ina moduli mbili, na ugumu wa ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukiteleza sana kwenye moduli ya kwanza unapewa ya pili iliyo rahisi, na hapo huwezi tena kufika alama za juu hata ukipata yote. Karatasi haiwezi kukuonyesha hilo. Pakua programu ya Bluebook, ambayo ni ya bure na ndiyo inayotumika siku ya mtihani, ufanye jaribio moja kamili asubuhi bila kusimama. Utahitaji laptopu au tabuleti, maana simu haikubaliki. Hapa ndipo ningemtumia mjomba: mshukuru kwa ushauri, kisha mwombe laptopu iliyotumika. Atakuwa amekusaidia kuliko namba yoyote anayoweza kukutajia.

Alama ya jaribio hilo ndiyo utakayoanza nayo, na usiitazame kama hukumu. Mtu yuleyule akirudia mtihani kesho bila kusoma chochote, jumla yake inaweza kupanda au kushuka kiasi cha alama 40. Kwa hiyo usiniandikie Septemba kwamba umepata 1400 badala ya 1420 na dunia imekwisha.

Kuhusu Hisabati sitasema mengi. Kalkulasi uliyoihangaikia Kidato cha Nne haimo. Yaliyomo zaidi ni aljebra, milinganyo na grafu, na kiasi kidogo cha takwimu na jiometri. Una dakika 35 kwa maswali 22 katika kila moduli, na kikokotoo cha grafu cha Desmos kimo ndani ya programu. Jifunze kukitumia vizuri. Wanafunzi wetu wengi hupoteza alama kwa kukokotoa kwa mkono kile ambacho grafu ingewaonyesha mara moja, na kwa kusoma swali haraka wakajibu thamani ya x ilhali wameulizwa 2x.

Kiingereza ndicho kitakachoamua. Kule una dakika 32 kwa maswali 27 katika kila moduli, zaidi kidogo ya dakika moja kila swali, na kila swali lina kifungu chake kifupi. Mtu mwenye B+ ya KCSE hushangaa akipata 540, kwa kuwa amezoea kuandika insha na kujibu ufahamu wa kurasa nzima. SAT inapima kitu kingine. Karibu robo ya maswali ni sarufi na vituo tu: koma inakaa wapi, nukta-mkato inaunganisha nini, kitenzi kinakubaliana na nomino gani iliyofichwa nyuma ya maneno kumi. Kanuni hizo si nyingi, na wewe uliyejifunza Kiingereza kwa kanuni darasani una faida juu ya Mmarekani anayetegemea sikio. Anzia hapo. Ndipo ufuate maswali ya viunganishi, yale yanayouliza kama sentensi mbili zinapingana, zinafuatana au moja ni sababu ya nyingine. Msamiati na vifungu vya fasihi ya zamani vitachelewa. Hivyo vinataka usomaji wa kila siku, na usivunjike moyo vikiwa vya mwisho kupanda. Masomo ya Khan Academy ya SAT ni ya bure na yameandaliwa pamoja na wenye mtihani wenyewe. Jibu kila swali hata kwa kubahatisha, kwani jibu baya halipunguzi alama.

Kwamba mtihani huu hufundishika, Kenya tuna mfano mzuri. KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004, umekuwa ukiwachukua waliong'ara KCSE kutoka familia zisizojiweza na kuwaweka kambini Iten kujiandaa kwa SAT na maombi ya vyuo vya Amerika Kaskazini. Hao ni watoto wa A kabisa, na bado walihitaji kufundishwa mtihani huu. Angalia masharti yao ya mwaka huu uone kama A- yako inakubalika. Pia andikia EducationUSA, ofisi ya kuwashauri wanaotaka kusoma Marekani iliyoko Ubalozi wa Marekani, Nairobi, uwaulize kama kuna mpango wowote wa kusaidia gharama za mitihani, kwa sababu msamaha wa ada unaotolewa na College Board, wenye SAT, umewekwa kwa walio Marekani na raia wake walio nje. Ada za kuomba vyuo ni habari nyingine. Vyuo vingi hukusamehe ukiomba, usione haya.

Kwa pesa za mama, mpango wangu ni huu: mara ya kwanza Agosti, na ya pili Oktoba ikiwa tu mazoezi yako ya Septemba yanaonyesha umepanda kweli. Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zimetoka siku mbili tofauti. Ukipata Hisabati 770 Agosti na Kiingereza 600, Oktoba unaingia ukiwa na kazi moja ya Kiingereza, na Hisabati ikishuka siku hiyo haikudhuru kwenye vyuo hivyo. Jiandikishe mapema, kwa sababu vituo kwetu ni vichache na viti huisha. Baada ya Oktoba weka SAT chini hata kama hujafika. Novemba na Desemba zinahitajika kwa insha, barua za walimu na fomu za msaada wa kifedha. Nimeona wasichana wakihangaikia alama 30 za mwisho huku insha zao zikiandikwa usiku wa mwisho.

Usipofika 1420, je? Rudi kwenye daftari na uamue chuo kwa chuo. Pale ambapo SAT ni hiari na alama zako zimefika katikati ya namba zao, tuma. Zikiwa chini kidogo ya robo ya chini, bado fikiria kutuma iwapo Hisabati yako imesimama imara, hasa kwa uhandisi. Ofisa wa udahili anayesoma ombi kutoka Kilifi huenda hajawahi kuisikia shule yako, na 760 ya Hisabati anaielewa mara moja. Ripoti ya watafiti wa Dartmouth ya mwanzoni mwa 2024 ilionyesha jambo lililonigusa sana: waombaji wa familia zisizo na uwezo walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuwa walizilinganisha na za darasa zima, ilhali chuo kiliziangalia pamoja na mazingira walikotoka. Zikiwa mbali mno chini, usitume, na uache A- yako na barua ya mwalimu wa Fizikia zikusemee. Bowdoin haijalazimisha mitihani hii tangu 1969 na haioni hilo kuwa upungufu. Dartmouth yenyewe iliporudisha sharti iliwaruhusu wanaosoma nje ya Marekani kutumia mitihani ya kitaifa inayolingana. Kwa hiyo kabla ya kukikata chuo kwenye daftari, soma ukurasa wake wa waombaji wa kimataifa hadi mwisho na uone KCSE inahesabiwaje.

Limebaki la KUCCPS, na hapa nampinga mjomba moja kwa moja. Jaza. Heri moja shika kuliko kumi nenda uje. Umepata A- yenye A ya Hisabati na Fizikia. Nafasi ya uhandisi katika chuo kikuu cha umma hapa nyumbani unaweza kuipata kwa matokeo uliyo nayo tayari, na wapo wahandisi wazuri wa maji waliosomea Juja na Nairobi. Kuna tahadhari moja tu. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu mtu aliyekwisha kusajiliwa chuo kikuu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na msaada kwa wageni wa kuhamia ni haba sana. Kwa hiyo dirisha la KUCCPS likifunguliwa fanya machaguo yako. Wakati huohuo andikia ofisi ya udahili ya kila chuo kwenye daftari lako barua pepe fupi ukiuliza: nikianza masomo Kenya Septemba, nitahesabiwa mwombaji mpya au wa kuhamia, na msaada wa kifedha utabadilika? Kiulize pia chuo utakachopangiwa kama kinakubali kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja. Hakikisha majibu yote unayo kabla ya siku ya kuripoti, kisha keti na mama na baba muyasome pamoja.